Kiwanja cha bei nafuu Ufipa: Tutazame haki kabla ya bei

  

Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala alinisubiri barazani kijana mmoja, mwalimu wa sekondari, akiwa na mkewe ambaye ni muuguzi. Wawili hao walikuwa wameweka akiba kwa miaka minane. Sehemu kubwa ya akiba hiyo ilitokana na urithi wa mke kutoka kwa marehemu baba yake. Walikuwa wamekata tamaa ya kununua chochote Dar es Salaam, na Dodoma nako bei za viwanja zilikwishapanda tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko. Ndipo dalali mmoja alipowaambia kwamba kwa bei ya kiwanja kimoja cha pembezoni mwa Dar es Salaam watapata ekari ishirini za ardhi tupu katika uwanda wa juu wa Ufipa, si mbali na mji wa Sumbawanga. Karatasi, alisema, ingegongwa muhuri na mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo.

"Sheikh," akasema yule kijana, "tunaomba dua tu, kesho kutwa nasafiri na fedha."

Nikamwambia, "Mwanangu, dua utaipata, lakini kwanza keti tuulizane."

Nilimzuia kwa sababu nami nimepita njia hiyo. Yapata miaka ishirini na mitano iliyopita nilinunua kiwanja pembezoni mwa mji mmoja, ambao si Sumbawanga, kwa karatasi ya namna hiyo hiyo. Baada ya miaka miwili akaja mtu mwingine na karatasi ya tarehe ya nyuma kuliko yangu, ikiwa na muhuri ule ule. Kiwanja kikaenda, na fedha hazikurudi. Katika fedha zile ilikuwamo sehemu aliyonikabidhi marehemu mama yangu, akitaraji apate chumba cha uzeeni. Alifariki kabla chumba hicho hakijapatikana. Kwa hiyo yale nitakayoyaeleza hapa sikuyapata vitabuni peke yake.

Eneo nafuu ni lipi?

Watu wengi wanapotafuta mahali pa kuanzia uwekezaji wa nyumba au ardhi huuliza swali moja tu, nalo ni bei. Hili ni kosa. Kwa familia ya Kiislamu yenye kipato cha kawaida, eneo nafuu ni lile ambalo unaweza kulilipia bila ya kuingia katika riba, kulimiliki bila ya kumdhulumu mtu, na kulisimamia bila ya kumtegemea mtu usiyemjua. Likikosekana moja kati ya haya matatu, ule unafuu wa bei utaulipa baadaye, mahakamani au mbele ya Mola wako.

Basi na tuipime Sumbawanga kwa mizani hiyo.

Kwa nini Sumbawanga inatazamwa

Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974, uko juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika likiwa upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Jina lake hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi, na wako watu wa mikoa mingine wanaoliogopa jina hilo hata leo. Muislamu hana ruhusa ya kupanga maisha yake kwa hofu za namna hiyo.

Kwa miaka mingi unafuu wa ardhi ya Rukwa ulitokana na umbali. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na safari ya kutoka Tunduma wakati wa masika ilikuwa mtihani wa tope. Katika muongo wa 2010 barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa lami kwa msaada wa Marekani kupitia shirika la MCC, na ile ya kuelekea Matai na bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika nayo ikawekwa lami. Umeme, ambao kwa miaka mingi mkoa huu uliupata kutoka Zambia, umo katika mpango wa njia kubwa ya kuunganisha Tanzania na Zambia, yenye tawi la kutoka Tunduma hadi Sumbawanga. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) nacho kimefungua kampasi mkoani humo.

Watu nao wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,004,539 katika Mkoa wa Rukwa, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,540,519. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu katika miaka kumi, ilhali nchi nzima iliongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi. Wanaozaliwa na wanaohamia wote watahitaji mahali pa kulala. Kwa hiyo anayesema kwamba Sumbawanga ina mustakabali hasemi uongo.

Lakini upo upande wa pili. Uchumi wa Ufipa umesimama juu ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti, na bei ya mahindi ikianguka, mji mzima huhisi. Mwaka 2017, serikali ilipozuia kuuza mahindi nje ya nchi, wakulima wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini walibaki na mavuno yasiyo na soko la maana. Mwenye nyumba iliyopangwa na mfanyabiashara wa nafaka hupata pango mwaka wa bei nzuri, na huombwa subira mwaka wa bei mbaya. Mwenye wapangaji wanaolipwa mishahara, yaani walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri, hutikisika kidogo zaidi.

Ardhi "tupu" ya Mfipa

Sasa tuzitazame zile ekari ishirini. Nilimuuliza yule kijana, "Umeiona?" Akanionyesha picha katika simu, nyika pana yenye majani marefu na vichuguu vidogo vidogo vilivyopangana.

Wafipa wana kilimo chao cha asili kiitwacho ntumba. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima hukata majani na kuyafukia ndani ya marundo ya udongo, yakaoza humo yakawa mbolea. Msimu unaofuata marundo hayo hutawanywa na shamba likapandwa ulezi au mazao mengine. Baada ya mavuno kadhaa ardhi hupumzishwa, majani yakarudi. Mgeni anayepita huona pori, lakini mwenyewe anaona shamba lililo mapumzikoni. Vile vichuguu katika ile picha vilikuwa jasho la mtu.

Sheria za nchi yetu zinalitambua jambo hili. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika Mei 2001, zinasema ardhi yote ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na kwamba ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Halmashauri hiyo hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi bila ya idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti peke yake, hata awe na mihuri kumi, hana mamlaka hayo. Karatasi ya siku moja ni karatasi tu.

Na sheria ya Mola wetu ni kali zaidi. Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametuonya kwamba anayechukua hata shibiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni siku ya Kiyama kutoka ardhi saba. Mnunuzi asiseme, "Mimi nimeuziwa, dhambi ni ya aliyeuza." Mwenye uwezo wa kuuliza akaacha kuuliza hana udhuru huo.

Kwa sababu hizi, ushauri wangu kwa mwenye kuanza ni kuiacha ardhi ya kijiji kwa wanakijiji, ila kama wewe mwenyewe ni mkazi au umekaribishwa na mkutano wao. Anayetaka kuwekeza atafute kiwanja kilichopimwa ndani ya mipaka ya Manispaa ya Sumbawanga, au katika miji midogo iliyopangwa kama vile Laela, Matai na Namanyere. Kitakuwa kidogo, pengine robo ya ekari au chini ya hapo, na bei yake kwa kila hatua itakuwa juu kuliko ya nyikani. Lakini kitakuwa na namba, mchoro na mabikoni, na jina lako litaandikwa mahali ambapo mwingine hawezi kuandika lake.

Ni nani atakayepanga?

Hatua inayofuata ni kumtaja mpangaji kabla ya kuchimba msingi. Tuchukue mfano wa hesabu. Tarakimu hizi nimeziweka kwa ajili ya kufundishia tu, na msomaji aweke zake baada ya kuuliza sokoni.

Tuseme familia imetumia shilingi milioni 40 kwa kiwanja na nyumba ya kisasa ya vyumba vitatu, na inapangishwa kwa Sh. 150,000 kwa mwezi. Mwezi mmoja katika mwaka nyumba ikikaa wazi, pango ni Sh. 1,650,000. Toa matengenezo Sh. 200,000, safari moja ya mwenye nyumba kwenda kukagua Sh. 200,000, na kodi ya majengo Sh. 18,000, yaani ile Sh. 1,500 kwa mwezi iliyowekwa mwaka 2023 kwa nyumba ya kawaida na kukatwa katika ununuzi wa umeme. Inabaki Sh. 1,232,000. Kwa mwendo huo fedha zake zitarejea baada ya zaidi ya miaka 32, kabla hata ya kuhesabu kodi ya mapato.

Sasa tuseme familia nyingine imetumia milioni 28 kwa kiwanja na banda la vyumba vinane vya matofali ya kuchoma, karibu na chuo au hospitali, kila chumba Sh. 30,000. Tukihesabu miezi kumi tu ya kupangishwa, pango ni Sh. 2,400,000. Toa matengenezo Sh. 300,000, ujira wa mwangalizi Sh. 240,000 na kodi ya majengo Sh. 18,000. Inabaki Sh. 1,842,000, na fedha zitarejea katika takriban miaka 15.

Tofauti ya familia hizi mbili haikuletwa na mkoa. Ya kwanza ilijenga nyumba ambayo yenyewe ingependa kuishi, na ya pili ikajenga vyumba ambavyo wapangaji wa mji ule wanaweza kuvilipia. Pamoja na hayo, ujenzi wa Ufipa una mambo yake. Mvua huanza Novemba hadi Aprili, hivyo matofali huchomwa na kuta husimamishwa kiangazi. Saruji na mabati hupanda milima kutoka mbali, na nauli yake lazima iingizwe katika hesabu tangu mwanzo. Baridi ya Juni na Julai ni kali, na mpangaji wa huko atauliza kama madirisha yanafunga kabla ya kuuliza habari ya marumaru.

Wala usinunue kwa nia ya kuacha kiwanja kilale mpaka bei ipande. Hati huja na sharti la kukiendeleza ndani ya muda, aghalabu miezi 36. Jambo hili si geni kwetu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) hakumpa haki aliyezungushia ardhi mipaka kisha akaiacha miaka mitatu bila ya kuihuisha, na kwamba Bilal bin Harith (R.A.), aliyepewa ardhi na Mtume (S.A.W.) mwenyewe, alitakiwa na Umar aachie sehemu aliyoshindwa kuilima.

Fedha za kununulia

Riba haikuwa halali kwa sababu ya kununulia nyumba. Aya ya 275 ya Suratul Baqara imeikata shauri hiyo, ikatenganisha biashara na riba. Familia isiyo na fedha taslimu ina milango mitatu.

Wa kwanza ni kununua kwa awamu. Wauzaji wengi wa viwanja vilivyopimwa hukubali malipo ya miezi kadhaa, na jambo hili ni halali maadamu bei yote imetajwa na kukubaliwa siku ya mkataba, na hapana nyongeza kwa kuchelewa. Mkataba ukisema utatozwa asilimia fulani kwa kila mwezi uliochelewa, kipengele hicho kiondolewe kabla ya kutia saini.

Wa pili ni huduma za benki zisizo za riba. Amana Bank, benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, ilianza mwaka 2011, na CRDB ilifungua dirisha la Al Barakah mwaka 2021. Hapo utauliza habari za murabaha, ambapo benki hununua kitu kisha ikakuuzia kwa faida inayojulikana, au ushirika unaopungua, ambapo wewe na benki mnamiliki pamoja na wewe unanunua hisa zake kidogo kidogo. Usione haya kuuliza benki ilimiliki nini na kwa muda gani kabla ya kukuuzia. Muislamu hauzi asichokuwa nacho, na benki nayo haina ruhusa maalumu katika hilo.

Wa tatu ni ushirika wa ndugu. Ndugu watatu wakichanga, kila mmoja aandikiwe kiasi chake. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeamrisha deni liandikwe na kushuhudiwa. Wengi wetu tunaona kuandikiana ni kutoaminiana, na udugu huvunjika kwa sababu hapakuwa na karatasi.

Jina la nani litaandikwa?

Hapa ndipo mazungumzo yetu ya barazani yalipokuwa magumu. Nilimuuliza kijana, "Hati itaandikwa jina la nani?" Akajibu kwa haraka, "Langu, Sheikh." Mkewe akainama. Nikauliza, "Na zile fedha za urithi wake?" Akasema, "Sisi ni kitu kimoja."

Mapenzi ni kitu kimoja, lakini mali ni mbili. Mwanamke wa Kiislamu humiliki mali yake kabla ya ndoa, ndani ya ndoa na baada yake, na mume hana chochote humo ila kile atakachopewa kwa ridhaa. Sheria ya nchi inaruhusu mume na mke kumiliki pamoja kwa namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kwetu. Katika umiliki wa pamoja usio na hisa, mmoja akifariki sehemu yake humwendea aliyebaki. Katika umiliki wa hisa, kila mmoja ana fungu lake lililotajwa, na akifariki fungu hilo huingia katika mirathi yake. Anayetaka mafungu yaliyowekwa na Qur'ani yatekelezwe bila ya mzozo, wazazi na watoto wasikose haki zao, atachagua umiliki wa hisa, na hisa ziandikwe kulingana na alichotoa kila mmoja.

Kabla fedha hazijatoka mkononi

Nilimwandikia yule kijana mambo matano katika kipande cha karatasi, nami nayarudia hapa.

1. Nenda mwenyewe, ulale siku tatu. Zungumza na majirani wa kiwanja, si dalali peke yake. Ukiweza, nenda wakati wa masika uone maji yanapopita.

2. Peleka namba ya kiwanja katika Halmashauri ya Manispaa na Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, ufanye upekuzi rasmi ujue mmiliki ni nani, kama kuna rehani au zuio, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa.

3. Ikiwa muuzaji ana ndoa na mali hiyo ni nyumba ya familia, mwenza wake aridhie kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalitaka hilo, na linakuepusha kununua machozi ya mtu.

4. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na malipo yapite benki ili yabaki na kumbukumbu.

5. Baki na akiba ya kuhamisha umiliki, kwani ushuru na ada zake wengi huzisahau, wakabaki na mkataba usiokuwa hati.

Na baada ya kupata, tusisahau haki ya Allah. Kwa rai ya wanavyuoni walio wengi, nyumba ya kupangisha yenyewe haina zaka, bali pango lililobaki likifikia nisabu na kupitiwa na mwaka hutolewa asilimia mbili na nusu. Lakini kiwanja kilichonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni bidhaa, na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, hukadiriwa thamani yake kila mwaka na kutolewa zaka.

Walichokifanya

Ndugu msomaji atapenda kujua mwisho wake. Yule kijana alisafiri, lakini bila ya fedha, na mkewe akafuatana naye. Walipofika kijini walimkuta mzee mmoja katika zile ekari ishirini, yeye na wajukuu zake, wakitawanya ntumba. Hakuwa na habari kwamba shamba lake linauzwa. Waliketi naye wakanywa chai, wakarudi mjini.

Miezi mitano baadaye walinunua kiwanja kimoja kilichopimwa ndani ya Manispaa, kwa awamu, na hisa zao zimetajwa, ya mke ikiwa kubwa kuliko ya mume. Bado hawajajenga. Mume aliponipigia simu alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona haya kidogo, "Sheikh, ni kidogo, lakini ni chetu."

Nikamwombea ile dua aliyoitaka tangu mwanzo.

Wabillahi tawfiq.